Kuzaa si Kazi, Kazi Kulea: Vifaranga wetu wa kwanza wa kambare Mkolani

(Mada iliyotolewa na wanakikundi wafugaji wa samaki wa Mkolani, Mwanza, katika semina ya kamati za maendeleo za parokia na wahisani. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.)



Tumeombwa tueleze mafanikio ya mradi wetu wa samaki. Kabla ya mafanikio tunaomba ruhusa yenu tuanze na picha. Wengi wenu mmeiona. Inaonyesha bwawa limejaa maji, wanakikundi tumesimama ukingoni tukitabasamu, na maelezo yake yanasema kwamba kikundi kinazalisha vifaranga wa kambare. Bwawa ni letu na sura ni zetu. Lakini siku ile picha ilipopigwa hatukuwa na kifaranga hata mmoja aliye hai. Walikuwa wamekufa wote siku nne kabla ya wageni kufika, nasi tukaona haya kusema.

Leo tumeona tuseme. Hatusemi ili kuwavunja moyo wanaotaka kuanza, wala ili tuhurumiwe. Tunasema kwa sababu kamati nyingi zilizomo humu ndani zimekwisha kuandika maombi ya mabwawa, na tusingependa zipoteze walichopoteza wanakikundi wetu.

KWA NINI TULIAMUA KUANGUA WENYEWE

Mtu anaweza kuuliza: ninyi mnakaa Mwanza, ziwa liko hapo, ya nini kufuga samaki? Jibu ni kwamba ziwa liko karibu lakini samaki hayuko karibu na kila mfuko. Katika kikundi chetu wamo kina mama wajane ambao zamani walinunua samaki mwaloni na kuwakaanga, na vijana waliokuwa vibarua katika mitumbwi ya watu. Mtaji wao ulikwisha kidogo kidogo.

Tulichagua kambare kwa sababu mbili. Kwanza, huvumilia maji machache na hukua haraka. Pili, ana soko ambalo watu wa mbali hawalijui. Wavuvi wa ndoano wanaotafuta sangara huhitaji chambo kilicho hai, na chambo wanachokipenda ni kambare mdogo wa urefu wa kidole. Mara nyingi hao huokotwa kwenye matete na madimbwi kandokando ya ziwa. Kila anayeokotwa hapo ni kambare ambaye hatakua akazaa. Tukaona kwamba kuzalisha chambo ni kuwasaidia wavuvi na kulipumzisha ziwa kwa pamoja.

Tunakiri kwamba kulikuwa na mjadala. Baadhi ya majirani zetu ni Wasabato, na kwa imani yao hawali samaki asiye na magamba. Wao walitushauri tufuge sato. Ushauri wao ulikuwa na maana, na tutaurudia hapo mbele.

Mwanzoni tulinunua vifaranga kwa muuzaji mmoja wa mbali. Walisafiri kwa basi ndani ya mifuko ya plastiki. Tulilipia 1,000, tulipofungua mifuko zaidi ya robo walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa wa ukubwa tofauti. Baada ya mwezi mmoja tulibaki na wachache wenye matumbo makubwa, kwa sababu wakubwa waliwala wadogo.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao ndani yake yalichimbwa mabwawa 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140 ya uchaguzi. Mabwawa yalichimbwa haraka, lakini vifaranga bora na chakula vikawa haba. Shimo la bwawa huchimbwa kwa majuma machache, bali samaki wa kutia humo hana njia ya mkato.

KAMBARE ALIVYO

Wenzetu wawili walikwenda kujifunza pale Nyegezi, kwenye chuo cha uvuvi ambacho leo kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA). Waliporudi walitufundisha kila Jumamosi, tukiwa tumekaa chini ya mwembe.

Tulijifunza kwamba kambare hukomaa mayai akiwa bwawani, lakini kwa kawaida hayatagi humo. Yeye husubiri mvua. Maji yanapofurika na kuingia kwenye nyasi, ndipo dume na jike huenda pembeni usiku na kutaga. Bwawani hakuna mafuriko, kwa hiyo jike hukaa na mayai yake mpaka yanyonywe tena na mwili.

Ndiyo maana hutumika sindano. Chini ya ubongo wa samaki kuna tezi ndogo kama punje. Hutolewa kwenye kichwa cha kambare mwingine aliyekomaa, mwenye uzito unaokaribiana na wa jike, ikasagwa na kuchanganywa na maji safi yenye chumvi kidogo, yaani gramu 9 kwa lita moja. Jike huchomwa mgongoni kwenye nyama. Ziko pia dawa za viwandani zinazofanya kazi hiyo hiyo, ila tezi hugharimu kichwa tu.

Baada ya hapo mwenye kuamua ni joto la maji. Maji yakiwa nyuzi 25, mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi. Tulimchoma jike saa mbili usiku, na saa moja asubuhi tukamkamua. Tumbo likibonyezwa taratibu, mayai hutoka kama uwele uliolowa. Gramu moja ina mayai kati ya 600 na 700, na jike wa kilo moja anaweza kutoa gramu 100 au zaidi.

Dume hakamuliki. Kwa kawaida huchinjwa ili kupata mbegu zake. Hili liliwasumbua baadhi yetu, maana ndiye aliyekuwa samaki mkubwa kuliko wote bwawani. Tulimchinja, tukachukua mbegu, na nyama yake tukaila kwa ugali siku hiyo hiyo.

Mbegu na mayai huchanganywa vikiwa vikavu katika beseni kavu. Maji yakitiwa, mbegu huwa na nguvu kwa muda wa dakika moja tu hivi. Kisha mayai, ambayo yananata, hutandazwa tabaka moja. Sisi tulitumia mizizi ya magugu maji. Gugu hili lililoliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo, safari hii lilitufaa. Tuliiosha mizizi mara tatu kuondoa wadudu, tukaining'iniza kwenye tangi.

MARA YA KWANZA

Kesho yake saa nne asubuhi, saa 27 tangu kuchanganya, mayai yakaanguka. Hatutaisahau asubuhi hiyo. Chini ya mizizi palikuwa na vitu vyembamba kama vipande vya uzi, kila kimoja kimebeba kifuko cha kijani tumboni, vikitikisika vyote kwa pamoja na kukimbilia kwenye kivuli. Kina mama walipiga vigelegele. Katibu alipiga simu kwa kila aliyemfahamu, na wageni wakapanga siku ya kuja.

Kwa siku tatu kifaranga hali kitu, kwani hutumia kile kifuko. Siku ya nne tuliona vifuko vimekwisha nao wanaogelea wakitafuta. Tukasaga dagaa wakavu, tukawapa kikombe kizima asubuhi na kikombe kizima jioni. Tulidhani tunawapenda. Jioni hiyo maji yalikuwa na ukungu. Mmoja wetu akasema tubadilishe, tukafungulia bomba moja kwa moja ndani ya tangi, kisha tukaenda kulala.

Asubuhi walikuwa wametanda chini kama majivu. Tulikaa kimya. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote katika kikundi, alichota maji kwa kiganja, akanusa, akasema, "Wanangu, kuzaa si kazi. Kazi kulea."

Baadaye tulielewa makosa yetu, na tunayataja yote matatu.

Kosa la kwanza lilikuwa chakula. Kifaranga wa siku nne ana mdomo mdogo na tumbo changa. Kinachomfaa ni vijidudu hai vya majini ambavyo havionekani vizuri kwa macho. Chakula kikavu kisicholiwa huoza, na kikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu.

Kosa la pili lilikuwa maji ya bomba. Yana klorini inayoyafanya salama kwetu, lakini kwa kifaranga ni mauti. Yanapaswa kukaa wazi siku moja au mbili kwanza.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo lilikuwa kichwani mwetu. Sote tumekua tukimwona kambare akiishi katika tope, akibebwa kwenye gunia bila maji, akifika nyumbani angali anatikisa mkia. Tukaamini kwamba kambare hafi. Kweli, kambare mkubwa ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa ya kawaida. Lakini kifaranga hazaliwi akiwa nacho tayari. Kinachukua wiki mbili hadi tatu kufanya kazi. Kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyomo majini tu, nayo maji machafu hayana. Tulimlea mtoto kwa nguvu za mzazi wake.

Hapa ndipo tulipoukumbuka ushauri wa majirani. Sato jike huyaweka mayai yake kinywani, na watoto wakishaanguliwa huwalinda humo mpaka waweze kujitegemea. Anayefuga sato hupata mlezi bila kumlipa. Kambare hawafichi watoto wake kinywani. Aliyemtoa mayai kwa sindano ndiye anayepaswa kukesha badala yake.

MARA YA PILI NA YA TATU

Jaribio la pili tulilifanya Julai. Usiku wa Julai hapa Mwanza una baridi, na tangi letu lilikuwa nje. Aidha, beseni la kuchanganyia lilikuwa na matone ya maji, kwa hiyo mbegu nyingi ziliisha nguvu kabla hazijayafikia mayai. Mayai mengi yaligeuka meupe, yakaota ukungu kama pamba, na ukungu ukaenea kwa yale mazima. Tuliyamwaga.

Baada ya hapo wanakikundi watano walijitoa. Mmoja wao ni mama mjane aliyekuwa ameuza kuku wake ili kulipa mchango. Hatuna la kumlaumu. Alitwambia, "Mimi nilileta fedha ya samaki, ninyi mnaniletea masomo." Mpaka leo hajarudi katika kikundi, ingawa ameanza kufuga kuku tena na samadi tunainunua kwake.

Mara ya tatu tulisubiri mvua za vuli. Tangi tuliliingiza ndani ya banda. Wiki moja kabla ya kuchoma sindano tulitia samadi ya kuku katika dimbwi dogo mpaka maji yakawa ya kijani, na vijidudu vikaongezeka. Tuliwakusanya kwa kitambaa chepesi na kuwapa vifaranga mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Tulifyonza uchafu wa chini kwa mpira mwembamba kila asubuhi na jioni. Tulipanga zamu za usiku, watu wawili wawili, wenye tochi, kipima joto na daftari. Kijana mmoja aliyekuwa akisinzia kanisani kila Jumapili katika majuma hayo sasa mnajua sababu.

Siku ya kumi tuliwahamishia bwawani. Hapo nako tulipata somo. Hatukuwa tumezungushia bwawa wigo. Vyura walitaga humo, viluwiluwi wakala chakula cha vifaranga, na vyura wenyewe wakala vifaranga. Mwongozo wa de Graaf na Janssen uliotolewa na FAO mwaka 1996 kuhusu kambare barani Afrika unasisitiza wigo dhidi ya vyura. Wenzetu walikuwa wameambiwa hivyo chuoni. Sisi tuliona ni gharama isiyo ya lazima.

HESABU YETU

Tunaomba kamati ziandike hesabu hii.

Jaribio la kwanza: vifaranga maelfu, waliovuka wiki moja sifuri.

Jaribio la pili: hawakufikia kuanguliwa.

Jaribio la tatu: kwa kuhesabu waliomo katika kikombe kimoja na kuzidisha, tulikadiria waliototolewa kuwa 20,000. Tuliowatia bwawani walikuwa kama 12,000. Baada ya wiki tano tulikausha bwawa na kuwahesabu mmoja mmoja: 1,263. Yaani karibu mmoja kati ya kila kumi tuliowatia bwawani.

Kati ya hao, 700 tuliwauza kwa wavuvi wa ndoano, 500 tuliwarudisha kwenye mabwawa yetu wakue, na 63 walikufa kwa majeraha ya kuvunwa. Mapato ya 700 hayakutosha kurudisha gharama za majaribio yote matatu. Yalitosha kulipa gharama za lile la tatu na kubakiza kidogo cha kununulia chandarua cha wigo. Hayo ndiyo mafanikio yetu hadi leo, na hatuyaoni kuwa madogo.

TUNAYOZISHAURI KAMATI

Kwanza, si kila parokia ianzishe kituo cha kutotolea vifaranga. Kituo kimoja kinachosimamiwa vizuri kinaweza kulisha mabwawa ya parokia nyingi. Wengine wachimbe mabwawa ya kukuzia, wanunue karibu, na wahesabu mbele ya muuzaji.

Pili, vifaranga wachambuliwe kwa ukubwa kila baada ya siku chache. Kambare mmoja aliyewatangulia wenzake huwamaliza.

Tatu, wazazi wasitoke tumbo moja mwaka baada ya mwaka. Badilishaneni madume na kikundi kingine.

Nne, kabla ya kuchimba mwoneni ofisa uvuvi. Kwa parokia zilizo ufukweni kabisa, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la meta 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Tano, chagueni watu wa zamu kabla ya kuchagua mwenyekiti.

OMBI LETU KWA WAHISANI

Ndugu wahisani, fedha mliyotupa mara ya kwanza tuliitumia vizuri, na hesabu zake mnazo. Lakini tukiisoma leo ile bajeti tuliyoandika wenyewe, tunaona kasoro yake. Karibu fedha yote ilikwenda kwenye kuchimba, saruji na mabomba. Kwa zile wiki mbili za kwanza za maisha ya kifaranga, ambazo ndizo zinazoamua kila kitu, hatukuwa tumetenga hata shilingi moja. Tulifanya hivyo kwa sababu bwawa linaonekana kwenye picha. Zamu ya usiku haionekani.

Kwa hiyo safari hii hatuombi bwawa jingine. Tunaomba tangi la pili la kutulizia maji, vipima joto, pampu ndogo ya hewa yenye betri ya akiba kwa siku umeme unapokatika, na bati za kuongeza banda. Tunaomba pia jambo moja lisilo la fedha: mtupe misimu mitatu kabla ya kutuhukumu, na kila msimu mtuulize hesabu tatu. Waliototolewa ni wangapi? Waliofika wiki ya pili ni wangapi? Waliouzwa ni wangapi? Mkituuliza hizo, hatutakuwa na mahali pa kujificha, na kwa kweli hatutaki tena kujificha. Siku ile ya picha tulitabasamu, lakini usiku hatukulala vizuri, na wala si kwa sababu ya zamu.

Kundi la nne linatarajiwa mvua zikianza. Majike sita wamekwisha tengwa, wigo umezungushwa, na orodha ya zamu imebandikwa mlangoni kwa banda. Jina la yule bibi liko la kwanza. Tulimwambia apumzike, kwa kuwa ni mzee. Alijibu kwamba yeye usingizi wa usiku ulimtoka zamani, afadhali ukesha wake ufae kitu.

Anayetaka kujifunza aje Mkolani akae nasi usiku mmoja. Chai ipo. Aje na sweta.